Haya na Ulimi Mbele ya Jopo



Juma hili twajibu suali la mama mmoja wa Bulla Pesa, hapa Isiolo, lililotufikia kwa mkono wa mwanawe wa kiume baada ya sala ya Isha. Mama anasema bintiye amesomea ualimu wa chekechea, ana cheti chake, na kwa miaka mitatu amefundisha duksi mtaani kwao. Mara tatu ameitwa katika mahojiano ya kazi na mara tatu amerudi mikono mitupu. Mara ya mwisho, mmoja wa waliomhoji, mwanamke mtu mzima, alimfuata hadi nje akamwambia kwa huruma: "Mwanangu, hukutuambia lolote." Binti alikuwa ameulizwa ni kitu gani anachokiweza vyema. Akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ya chini kwamba wao ndio watakaoona. Babake asema huyo amejibu kama mtoto aliyelelewa. Ami yake asema siku hizi zinazozungumza ni pesa, jopo halina haja na ulimi wa mtu. Naye mama auliza: je, yafaa kisharia mwanamke wa Kiislamu ajisifu mbele ya wanaume asiowajua ili apate kazi? Na ikiwa haifai, amwambie nini mwanawe, aliyesomeshwa kwa mbuzi waliouzwa mmoja baada ya mwingine?

Wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi watalitambua suali hili, maana mabinti wao nao wamelelewa hivyo hivyo, na tumewasikia wengi wakirudi na habari kama hiyo. Kwa hivyo hatutalijibu kwa "yafaa" au "haifai" tukapita.

Tuanze na baba. Haya ni tawi la imani, na mzazi aliyemlea binti akawa na haya amefanya kazi kubwa. Hata hivyo, lile alilolifanya binti mbele ya jopo, kwa rai yetu, halikuwa haya. Aliombwa ushahidi akakataa kuutoa. Maana mahojiano ya kazi ni ushahidi: mtu aitwa aeleze analolijua kuhusu kazi yake mwenyewe, kwa kuwa mle chumbani hakuna mwingine anayelijua. Bi. Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya zao hazikuwazuia kuuliza ili waielewe dini yao. Ikiwa haya haimzuii mwanamke kuuliza mambo ya siri zaidi mbele ya Mtume (s.a.w.), yawaje imzuie kusema kwamba ameshafundisha watoto wakajua kusoma?

Najua kuna atakayetuletea ile aya ya Surat an-Najm tuliyokatazwa ndani yake kujitakasa nafsi. Aya ni haki. Lakini kujitakasa ni kudai daraja mbele ya Mola, ambalo ni jambo la ghaibu. Idadi ya watoto uliowafundisha si ghaibu, imo daftarini. Na katika Surat Yusuf tunasoma kisa cha mtu aliyesimama mbele ya mfalme wa Misri akaomba kazi kwa kinywa chake mwenyewe. Nabii Yusuf (a.s.) aliomba asimamie hazina za nchi, akataja sifa zake mbili tu: kwamba ni mwenye kuhifadhi na kwamba ni mwenye kujua. Ni mtoto wa Nabii, mjukuu wa Nabii na kitukuu cha Nabii, lakini nasaba hakuitaja. Wala hakutaja uzuri wake, wala miaka aliyokaa gerezani. Alitaja mawili ambayo kazi ile iliyahitaji, akanyamaza. Imam al-Qurtubi katika tafsiri yake alichukua hapo hoja kwamba mtu aweza kujieleza kwa ilimu na fadhila aliyo nayo panapokuwa na haja. (Na kabla ya hapo, Yusuf hakukubali kutoka gerezani mpaka kesi yake ichunguzwe na jina lake lisafishwe. Kwa lugha ya leo, cheti cha mwenendo mwema kilitangulia ombi la kazi.)

Upo upande wa pili, nao hatuufichi. Mtume (s.a.w.) alimkataza Abdurrahman bin Samura (r.a.) kuomba uongozi, na alimwambia Abu Dharr (r.a.), pamoja na uchaji Mungu wake wote, kwamba yeye ni dhaifu na kazi ile ni amana. Ulamaa wamezikusanya dalili hizi wakaona kwamba lawama ni ya mwenye kukitamani cheo kwa ajili ya cheo, au mwenye kuomba asiloliweza. Anayeliweza jambo, na watu wanalihitaji, hayumo katika lawama hiyo. Kwa hivyo suali la kwanza la binti si "nijisifu vipi?" bali ni "je, kazi hii naiweza?" Akijijibu kwa ukweli kwamba haiwezi, asiende. Akijijibu kwamba aiweza, aende na alifungue domo lake.

Na hapa tungependa akina mama watuvumilie kidogo, kwa sababu kuna jambo linalosahauliwa. Katika Surat al-Qasas, ushauri wa kumwajiri Nabii Musa (a.s.) kule Madyan ulitoka kwa msichana. Ni yeye aliyemwambia babake amchukue kazi, akatoa sababu mbili: nguvu na uaminifu. Hakubuni, alikuwa ameziona kisimani, pale Musa alipowanyweshea wanyama wao. Na Bi. Khadija (r.a.), mfanyabiashara wa Makka, alisikia habari za ukweli na amana ya Muhammad (s.a.w.) kabla ya utume, ndipo akampa mali yake aende nayo Sham, akamfuatanisha na mtumishi wake Maysara, ambaye aliporudi alieleza aliyoyaona. Basi wanawake wetu wana asili ndefu ya kuketi upande ule wa meza unaouliza. Wote wawili walitafuta mambo yale yale ambayo jopo la leo linayatafuta: anaiweza kazi, na ataaminika nayo? Tena hawakutosheka na maneno. Walitaka jambo lililoonekana.

Tuliosoma madrasa twajua kwamba hadithi ina matini na ina sanad. Matini yaweza kuwa nzuri mno, lakini ikiwa haina wapokezi, mwanachuoni haichukui. Majibu mengi ya mahojiano ni matini bila sanad. "Mimi ni mchapakazi." Nani kasema? "Nawapenda watoto." Kwa ushahidi gani? "Naweza kufanya kazi na watu wa kila namna." Wapi, lini, watu gani? Wanaohoji husikia maneno haya tangu asubuhi hadi Alasiri kutoka kwa kila anayeingia, na hawana namna ya kuyapima.

Sasa tumchukue binti wa Bulla Pesa mwenyewe. Tulimwomba kakake atuletee habari za duksi ile. Yaonekana watoto ni thelathini na kitu, umri wa miaka minne hadi tisa, chumba kimoja cha mabati. Wengine nyumbani wanasema Kiborana, wengine Kisomali, wawili au watatu Kiturkana, na Kiswahili hawakijui vyema. Binti amewagawa makundi matatu: wakubwa huandika loho, wa kati husoma kwa mtoto mkubwa mmoja, na wadogo hukaa naye miguuni. Ana daftari la mahudhurio. Mtoto asipofika siku mbili, humtuma dada yake kwa mama yake mtoto kuuliza. Na binti huyu, alipoulizwa na jopo kama ana uzoefu, alisema hana!

Aliona kwamba duksi si kazi kwa kuwa hakulipwa mshahara wa benki. Lakini chekechea ya PP1 na PP2 ndani ya kaunti hii ni chumba hicho hicho: watoto wadogo wa lugha nne, vifaa vichache, na mwalimu mmoja anayepaswa kuwagawa. Lau angesema hayo niliyoyaandika hapo juu, kama yalivyo, bila kuongeza sifa hata moja, jopo lingejua mara moja kwamba huyu ameshaifanya kazi tunayoitangaza. Hilo ndilo jibu lenye sanad: palikuwa na hali gani, nililazimika kufanya nini, nikafanya nini, na kikatokea nini. Amalize kwa kumtaja mtu awezaye kuthibitisha, kama vile mwenye duksi au mzee wa mtaa. Hapo hajajisifu, amesimulia.

Na si mwalimu peke yake. Wako akina mama na mabinti hapa mjini wanaopokea maziwa ya ngamia alfajiri kutoka malishoni, wakayaonja na kuyapima, wakayakataa yaliyoharibika, wakayawahisha kwenye gari la kwenda Eastleigh, Nairobi, na jioni wakajua ni nani anadaiwa na kiasi gani. Mmoja wao akienda kuomba kazi ya karani wa stoo huandika kwamba hajawahi kufanya kazi. Twamwambia: umefanya kazi ya kupokea mali, kuikagua, kuiwahisha na kuiwekea hesabu. Andika hivyo katika wasifu wako, na uwe tayari kueleza siku moja mambo yalipoharibika na ulivyoyatengeneza, kwa sababu suali hilo huulizwa karibu kila mahali.

Maandalizi yaanzie kwenye tangazo lenyewe. Wengi hulisoma mara moja wakatafuta mshahara na tarehe ya mwisho. Lisomwe kwa kalamu mkononi. Kila jukumu lililotajwa liandikwe upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili liandikwe tukio moja la kweli kutoka katika maisha ya mwombaji linalolihusu. Palipobaki wazi, hapo ndipo jopo litakapogusa, na hapo ndipo pa kusomea. Kisha azijue habari za anakokwenda. Elimu ya chekechea, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni jukumu la serikali za kaunti, na wanaoajiri ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Mwombaji asiyejua hata ni nani aliyemwita atahesabiwa kuwa hakujali.

Kazi iliyobaki ni ya nyumba nzima. Baada ya Maghrib, wekeni viti vitatu. Baba akae katikati, ami upande mmoja, na mama au shangazi upande wa pili. Binti aingie mlangoni kama mgeni, atoe salamu, angoje aambiwe aketi. Mumuulize. Mahojiano mengi ya kazi za ofisi huendeshwa kwa Kiingereza, basi kama hakuna mzee anayekijua, aitwe kijana wa shule auliza kwa Kiingereza na wazee wamtazame tu: je, anakaa wima, anamaliza sentensi, anasikika hadi ukutani? Watu hucheka usiku wa kwanza. Usiku wa tatu hawacheki tena. Nasi twaona kwamba baba akimsikia bintiye akisimulia kazi yake kwa utulivu, mbele yake mwenyewe, ile hofu kwamba mtoto ameharibika itamtoka bila sisi kumwandikia dalili zaidi. Kiingereza chake kikiwa cha polepole si aibu. Aombe suali lirudiwe asipolielewa, kwani kujibu suali ambalo hukuulizwa kunaharibu zaidi kuliko kuomba lirudiwe.

Tuje katika adabu za kuingia, ambazo ndizo akina mama huzituulizia sana. Kuhusu mkono: salamu ya mdomo itangulie. Afikapo mlangoni aseme kwa sauti ya kusikika, aweke mkono wake wa kulia kifuani, na atabasamu tabasamu la kawaida. Aliyeliona hilo hanyoshi mkono tena. Hapana haja ya kutoa darsa la fiqhi pale. Kuhusu macho: kuinamisha macho kumewekwa ili kuzuia matamanio, na mafakihi wameruhusu kutazamana panapokuwa na haja ya muamala na ushahidi. Amtazame anayemuuliza kiasi cha kumwonyesha kwamba anamsikiliza. Akiona tabu, aangalie karatasi iliyo mbele ya huyo mtu, au amwelekee mwanamke aliye kwenye jopo. Sakafu hapana. Aliyeangalia sakafu atadhaniwa anaficha jambo. Kuhusu sauti: katika Surat al-Ahzab wake wa Mtume (s.a.w.) walikatazwa kulegeza maneno, na papo hapo wakaamrishwa waseme maneno mema yanayojulikana. Watu hukumbuka nusu ya kwanza wakaisahau ya pili. Hawakuamrishwa wanyamaze.

Nguo hatuiongezi neno, ila iwe safi, ipigwe pasi usiku, na hijabu ifungwe vyema isije ikarekebishwa kila dakika. Kwa anayevaa niqabu, kitambulisho ni lazima kilinganishwe na uso. Aombe kwa upole mwanamke amtazame kando. Rai yetu ni kwamba hata mbele ya jopo haja hiyo ipo, na aliyechukua rukhsa asilaumiwe.

Ila wako wazazi hapa Isiolo wanaoamini kwamba hijabu yenyewe ndiyo inayowanyima watoto wao kazi, na wanataja kesi ya Kiwanjani. Tuieleze kidogo ili isichanganywe. Kesi ile iliihusu sare ya wasichana wa Shule ya Sekondari ya St. Paul's Kiwanjani. Mahakama Kuu iliamua mwezi Machi 2015 dhidi ya kuvaa hijabu pamoja na sare. Mahakama ya Rufani mwezi Septemba 2016 ikaamua kwa upande wa wasichana. Kisha Mahakama ya Juu mwezi Januari 2019 ikaiondoa hukumu hiyo, kwa hoja ya namna madai yalivyoletwa kortini. Ilikuwa kesi ya shule na sare. Katika ajira, Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema wazi kwamba mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya imani au dini yake. Na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa dini, jinsia, kabila, ujauzito na mengineyo, na inamlinda hata yule anayetafuta kazi kabla hajaajiriwa. Ikifika kortini, ni mwajiri anayetakiwa athibitishe kwamba hakubagua. Basi binti asiingie na hijabu yake kama mtu aliyebeba kosa.

Ujauzito tumeutaja, na twajua linaloulizwa: "Umeolewa? Utazaa lini?" Asikasirike, wala asisimulie mambo ya nyumbani kwake. Aseme kwamba amezielewa saa za kazi na majukumu yake, na kwamba amejipanga kuyatimiza. Wakishikilia, arudie maneno yale yale. Mwenye mtoto anayenyonya aje na dada yake wa kumshika nje, maana foleni za mahojiano huwa ndefu na aliyeambiwa saa tatu huweza kuitwa saa nane. Kwa sababu hiyo hiyo atie udhu mapema, na amuulize karani kwa adabu ni wapi aweza kusali Adhuhuri. Tumesikia wengi walioogopa kuuliza. Hatujasikia aliyeuliza akakatazwa.

Akiulizwa asilolijua, aseme hajui. Imam Malik, ambaye watu walimsafiria kutoka mbali, alijulikana kwa kusema "sijui" katika masuali mengi, na daraja yake haikushuka. Aongeze tu ni wapi angelitafuta jibu: kwa mwalimu mkuu, kwa afisa wa elimu, kwenye mwongozo wa mtaala. Jopo halitaki mtu anayejua yote. Linaogopa mtu anayejifanya anajua na kesho akaharibu.

Kuhusu mshahara, vijana hukwama. Katika kazi za serikali kiwango huwa kimeshapangwa, kwa hiyo hapana la kuvutana. Kwa mwajiri binafsi, akiulizwa anataraji kiasi gani, asiseme "chochote mtakachonipa." Mafakihi wamelifanya kuwa sharti la mkataba wa ijara kwamba ujira ujulikane, na neno "chochote" limezaa ugomvi mwingi uliofika kwetu msikitini. Aulizie mapema watu wa kazi hiyo wanalipwa kiasi gani mjini, ataje kiwango, na asione aibu.

Sasa ami. Yeye amesema pesa ndizo zinazozungumza, na hatuwezi kumwambia kwamba anaota. Upendeleo upo, hongo ipo, na suali la "wewe ni mtu wa nani?" limewahi kuulizwa katika mji huu kabla ya suali la cheti. Lakini rashwa imelaaniwa kwa mtoaji na mpokeaji, na anayemlipia mpwa wake mahali pa kazi amemnunulia riziki atakayoila kwa shaka kila mwisho wa mwezi. Isitoshe, wengi wanaopokea pesa hizo nje ya ofisi hawana uwezo wowote ndani ya ofisi. Ni matapeli wanaoishi kwa hofu za wazazi. Asiyeajiri kwa haki hulipwa na watu wawili kwa nafasi moja, na huyo wa pili hana pa kushtaki. Vivyo hivyo cheti cha kughushi: mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba imepata vyeti bandia zaidi ya 2,000 miongoni mwa wafanyakazi wa umma, na wenye vyeti hivyo wakatakiwa wafikishwe kwenye vyombo vya sheria. Wengine walikuwa kazini kwa miaka.

Badala ya kukopa pesa za hongo, ami amsaidie mpwa wake kuijua haki yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka bodi itangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi, na khasa walioachwa nyuma. Inaitaka pia izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi kwenye kaunti. Na asiyeridhika na uamuzi wa bodi aweza kukata rufani kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Rufani haina maana kwa mtu aliyenyamaza mbele ya jopo, kwa kuwa alama zake zitakuwa ndogo kwa haki. Aliyejibu vyema ndiye mwenye la kudai.

Hili pia lijulikane: tangu Sheria ya Ajira ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, mwajiri hatakiwi kudai vile vyeti vya idhini, kama cha mwenendo mwema, cha ushuru na cha mkopo wa elimu, mpaka awe amekusudia kumwajiri mtu. Familia nyingi zilikuwa zikitumia akiba yao kuvitafuta kwa kila ombi. Wasome tangazo vyema kabla ya kuuza mbuzi mwingine. Na akitokea mtu wa kuita mahojiano chumbani hotelini, au nyumbani kwake, au usiku, hayo si mahojiano. Binti asiende, hata kama ameandikiwa barua yenye muhuri.

Kwa wanaotoka Merti na Garba Tulla tunasema neno moja: njooni siku iliyotangulia. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa na sheikh kwamba ngamia hufungwa kamba kwanza ndipo mwenyewe akatawakali. Sala ya istikhara ni sunna, nasi twaihimiza, lakini haifanyi gari lililokwama kwenye mchanga liwahi saa tatu asubuhi. Na ile dua ya Nabii Musa (a.s.) ya kufunguliwa kifua na fundo la ulimi, iliyomo katika Surat Taha, isomwe njiani. Mwenye kuisoma akumbuke kwamba Musa aliisoma kisha akaenda akazungumza mbele ya Firauni.

Akishatoka, awashukuru, na njiani aandike masuali yote aliyoulizwa kabla hayajamtoka kichwani. Daftari hilo atalihitaji yeye mara ya nne, na mdogo wake baada yake. Kakake ametuambia kuna nafasi nyingine ya chekechea imetangazwa na binti ameshapeleka ombi. Mama, ikiwa ataitwa, mlete yeye na babake baada ya Isha. Viti vitatu vipo hapa kwetu, na bibi wa nyumba hii, aliyefundisha skuli miaka mingi, amekubali kuwa mwenyekiti.

Juma lijalo, inshallah, tutajibu suali la msomaji wa Kisauni aliyeuliza kama mshahara wa mke ni mali yake peke yake au una haki ya mume ndani yake. Masuali yametufika manne juu ya jambo hilo, matatu yakitoka kwa waume.